Kayaki Yafufuka, Mtepe Walala Makumbushoni

Katika mwaka wa 2025 jina la Greenland lilitajwa redioni na magazetini kuliko lilivyopata kutajwa kwa muda wa miaka mingi. Rais Donald Trump wa Marekani alitangaza kwamba anataka kisiwa hicho kiwe chini ya nchi yake, na alipoulizwa kama anaweza kuahidi kutotumia nguvu, hakuahidi. Wenyeji, ambao ni watu kama 57,000 tu, walipiga kura zao mwezi wa Machi mwaka huo, wakampata waziri mkuu mpya, Bwana Jens-Frederik Nielsen, na jibu lao likawa moja: nchi yao haiuzwi.

Mengi yalisemwa wakati huo juu ya madini, juu ya barafu inayoyeyuka na juu ya manowari. Machache sana yalisemwa juu ya utamaduni wa watu wenyewe, ambao kabla ya mambo mengine yote ni watu wa bahari. Hata leo zaidi ya asilimia 90 ya bidhaa wanazouza nchi za nje hutoka baharini. Mwaka 1985 walijitoa katika Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, na sababu kubwa ya kujitoa ilikuwa ugomvi wa nani ana haki ya kuvua katika maji yao. Watu wenye mawazo kama hayo si wageni kwa msomaji wa Vanga, wa Lamu au wa Faza.

Makala haya yanakusudia kulitazama jambo moja tu katika maisha yao: jinsi walivyokiokoa chombo chao cha asili, yaani kayaki, wakati kilipokuwa kinakaribia kupotea, na jinsi walivyoyatumia mashindano katika kukiokoa. Jambo hili latuhusu. Sisi nasi tuna vyombo vyetu, tuna mashindano yetu, na siku hizi kayaki yenyewe imekwisha kutufikia. Utaiona katika hoteli za mwambao, katika maji ya Kilifi na katika hori la Mida, ikikodishwa kwa wageni kwa saa. Basi yafaa tujiulize chombo hiki kina habari gani, na kina mafunzo gani kwetu.

CHOMBO KILICHOSHONWA

Kayaki ni mtumbwi mrefu na mwembamba, uliofunikwa juu kote isipokuwa tundu moja la kukalia, nao huendeshwa kwa kafi lenye bapa huku na huku. Jina lake latokana na lugha ya Inuit. Wao na jamaa zao wamekitumia chombo hiki katika nchi zote za baridi kali, tangu ncha ya mashariki ya Siberia, kupitia Alaska na kaskazini ya Kanada, hadi Greenland.

Nchi hizo nyingi hazina miti. Mbao zilikuwa zile zilizoletwa na mikondo ya bahari na kuokotwa ufuoni. Mwanamume aliunda mifupa ya chombo na kuifunga kwa kamba za ngozi, kisha wanawake wakaivika ngozi za sili, yule mnyama wa baharini wa nchi za baridi, wakizishona kwa mshono usiopenya maji. Mwenye chombo alivaa vazi la ngozi ambalo upindo wake ulifungwa kwenye ukingo wa tundu la kukalia, hata yeye na chombo chake wakawa kitu kimoja.

Vipimo navyo vilitoka katika mwili wa mwenyewe. Kwa desturi ya Greenland, urefu wa kayaki ulikuwa pima tatu za mikono yake, upana wake ni nyonga zake na ngumi mbili, na kina chake ni ngumi moja pamoja na dole gumba lililonyooshwa. Msomaji aliyepata kukaa na mafundi wa Matondoni atatabasamu, kwani kwetu nako mafundi hawakuanza kwa mita bali kwa shibiri, dhiraa na pima. Kayaki haikuwa kitu cha kununua dukani. Ilikatwa kama kanzu, kwa kimo cha yule atakayeivaa.

Hapo ndipo tunapokutana nao kwa karibu zaidi. Wazee wetu wa visiwa vya Lamu, na hasa Wabajuni, nao walikuwa na chombo cha kushonwa. Mtepe uliundwa bila ya msumari hata mmoja, mbao zake zikashonwa kwa kamba za makumbi, na tanga lake likawa la mkeka. Chombo hicho kilibeba boriti na bidhaa nyingine mwambao mzima kwa karne nyingi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 kikatoweka. Leo mwenye kutaka kuuona mtepe huenda makumbushoni, akauona kwa mfano mdogo. Huko Unguja palijengwa mfano mkubwa wa mtepe, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka.

Basi hawa walikuwa na chombo cha kushonwa, na sisi tulikuwa na chombo cha kushonwa. Chao leo kinaelea na vijana wanakishindania. Chetu hakielei. Tofauti hii imetokana na nini?

JINSI ILIVYOKARIBIA KUFA

Isidhaniwe kwamba kayaki haikupata misukosuko. Kuanzia miaka ya 1920 maji ya kusini-magharibi ya Greenland yalipata joto kidogo, sili wakapungua, na samaki wa biashara wakaongezeka. Wawindaji wakawa wavuvi, na mvuvi mwenye kutaka samaki wengi hakutaka chombo cha mtu mmoja. Alitaka boti lenye mashini. Baada ya Vita Vikuu vya Pili serikali ya Denmark, iliyokuwa ikikitawala kisiwa hicho, iliwahamishia watu wengi mijini kutoka vijiji vidogo, ikawajengea nyumba za ghorofa. Kijana aliyelelewa ghorofani hakuwa na haja ya kayaki. Kaskazini kabisa, upande wa Qaanaaq, wawindaji wachache waliendelea kuitumia. Kwingineko ilibaki katika kumbukumbu za wazee.

Mwaka 1979 Greenland ilipata serikali yake ya ndani, na watu wakaanza kuuliza kipi ni chao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kayaki kongwe zilizokuwa zimehifadhiwa Ulaya zilionyeshwa mjini Nuuk. Vijana wa mji huo walizitazama, kisha wakafanya jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi tukitoka makumbushoni. Waliunda chama, wakawatafuta wazee waliobaki na elimu hiyo, wakajifunza kuunda, kupiga kafi na kujiokoa. Katikati ya miaka hiyo vyama vya miji mbalimbali viliungana katika chama kimoja cha taifa kiitwacho Qaannat Kattuffiat, na tangu hapo mashindano ya taifa zima yakawa desturi. Mwaka 1998 mshindi wake alikuwa kijana wa miaka 16, Maligiaq Padilla, aliyefunzwa na babu yake. Tangu hapo amealikwa nchi nyingi kwenda kufundisha.

Hebu zingatia jambo hilo. Babu alikuwa na elimu, mjukuu akaitaka, na mashindano yakampa mjukuu sababu ya kuitaka.

MTIHANI WA KUPINDUKA

Mashindano yako ya namna nyingi, na si kila shindano hufufua utamaduni. Mashindano ya Greenland yana mbio za masafa mafupi na marefu, yana mbio ambazo mshindani hutoka majini akabeba kayaki yake nchi kavu kisha akarudi majini, na yana kurusha chusa. Lakini linalowakusanya watazamaji ni lile la kupinduka na kuinuka.

Mshindani huingia majini akajipindua makusudi, kichwa chini na chombo juu, kisha akainuka bila ya kutoka ndani ya chombo. Namna za kufanya hivyo ni kama 35. Nyepesi ni ya kutumia kafi zima. Kisha huja ya kutumia kafi lililobanwa kwapani, ya kutumia kile kigongo cha kurushia chusa tu, ya kutumia mkono mtupu, na ya kutumia ngumi iliyokunjwa. Iko ya kuinuka huku umeshika jiwe zito kwa mkono mmoja. Iko pia ambayo watu humvuta mshindani kwa kamba kutoka ubavuni, mfano wa mnyama mkubwa aliyechomwa chusa. Kila namna ina alama zake kwa kadiri ya uzito wake, na hupimwa kulia na kushoto.

Mtu asiyejua atasema hiyo ni sarakasi. Si sarakasi. Kila namna katika hizo ni jibu la ajali iliyowahi kumpata mwindaji. Kafi likipotea, utafanyaje? Mkono mmoja ukinaswa na kamba, utafanyaje? Mnyama akikuvuta ukapinduka, utafanyaje? Maji ya huko yanakaribia kuganda, na mtu akitoka ndani ya chombo chake hana muda mrefu wa kuishi. Wawindaji wengi wala hawakujua kuogelea, kwani hapakuwa na mahali pa kujifunzia. Aliyeshindwa kuinuka hakurudi nyumbani, na mkewe akabaki na watoto bila ya mtu wa kuwawindia.

Kwa hiyo waliofufua mashindano hawakuuliza tu nani ana mbio. Waliuliza pia nani ataokoka. Hilo ndilo lililoifanya elimu ya wazee iwe na thamani mbele ya vijana, kwa sababu bila ya mzee hakuna alama.

Lakini tuseme kweli yote. Mashindano hayakurudisha riziki ya kayaki. Mvuvi wa Greenland bado huenda kazini kwa boti la mashini, na wanaowinda kwa kayaki ni wachache. Kilichorudi ni elimu, na pamoja na elimu heshima ya kujua kwamba chombo hiki kinachoendeshwa leo duniani kote kilitoka kwao na jamaa zao.

MWANA MAJI NA MAJI MAZOWEA

Elimu hiyo ilivuka bahari. Mwaka 1927 Edi Hans Pawlata, mtu wa Austria, alijifunza kuinuka na kayaki kwa kusoma maelezo ya wasafiri tu, akahesabiwa Mzungu wa kwanza kufanya hivyo. Miaka michache baadaye kijana Mwingereza, Gino Watkins, aliishi Greenland akafunzwa na wawindaji wenyewe, akawa hodari wa kupinduka na kuinuka. Tarehe 20 Agosti 1932 alikwenda kuwinda peke yake. Kayaki yake ilikutwa ikielea na yeye hakuonekana tena. Alikuwa na umri wa miaka 25. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mwana maji wa Kwale, kufa maji mazowea. Ujuzi wa mtu mmoja haumtoshi akiwa hana mwenzake wa kumshika mkono.

Kisa kingine kizito zaidi ni cha Uingereza. Tarehe 22 Machi 1993 wanafunzi 8, mwalimu wao na waongozaji wawili waliondoka Lyme Regis kwa kayaki kwa safari iliyopangwa kuwa ya saa chache. Upepo ulikuwa wa kutoka nchi kavu kwenda baharini. Chombo kimoja kilijaa maji, kundi likatengana, wakasukumwa nje mmoja baada ya mwingine, na vyombo vikazama. Hawakuwa na chombo cha kuitia msaada, na walinzi wa pwani walichelewa kupata habari. Vijana wanne walikufa. Mwaka 1994 kampuni iliyoendesha safari hiyo na mkurugenzi wake walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, na mwaka 1995 bunge likapitisha sheria ya kuvikagua vituo vinavyowapeleka watoto katika michezo ya hatari.

Mvuvi wetu yeyote angeliweza kuwaambia watu wale kwamba umande unaokutoa asubuhi bila ya jasho haukuahidi kukurudisha. Lakini elimu aliyo nayo mvuvi haimfikii kijana anayekodishwa kayaki ya plastiki ufuoni.

Je, ni elimu gani anayopaswa kupewa mwanagenzi? Kwanza ni kutoka. Apinduliwe kwa makusudi katika maji yanayofika kifuani, na mtu amesimama karibu, ajifunze kuvuta kile kitambaa kinachofunika tundu, kuchomoka bila ya kubabaika, na kukishika chombo chake kisimkimbie. Pili ni kumwokoa mwenzake: kukiinua kile kilichopinduka kwa ncha yake, kukilaza juu ya chako, kuyamwaga maji, kukigeuza, kisha kukishikilia imara hadi mwenyewe apande. Tatu ni kujizuia kupinduka kwa kulipiga bapa la kafi juu ya maji, na kulala ubavu kidogo wakati wa kukata kona. Nne, baada ya hayo, ndiyo kuinuka bila ya kutoka.

Na juu ya yote ni kuijua bahari yenyewe. Mwalimu mzuri humwambia mwanafunzi aanze safari kwa kwenda dhidi ya upepo au mkondo, ili taabu iwe mwanzo wakati ana nguvu na raha iwe marejeo. Kwetu hapa maji ya bamvua huweza kutofautiana kwa karibu mita 4 baina ya kupwa na kujaa, na katika milango ya miamba mkondo wakati huo si wa kuchezewa. Mtu asiyejua siku za mwezi na asiyejua bamvua na maji mafu hafai kumwongoza mtoto wa mwenziwe, hata kama kafi lake ni zuri namna gani.

MASHINDANO YA UVUVI

Katika miaka hii uvuvi wa kayaki umekuwa mchezo mkubwa katika nchi nyingi, na hasa Marekani, Australia na Afrika Kusini. Uliwezekana kwa sababu ya chombo cha aina mpya, ambacho mkaaji huketi juu yake wala si ndani. Aina hiyo ilianzia California mapema katika miaka ya 1970. Hutengenezwa kwa plastiki, ina matundu ya kutolea maji, na ukianguka unaweza kupanda tena bila ya kukikamua chombo. Ni chepesi, hakina mafuta ya kununua, na mtu mmoja anaweza kukiburura hadi majini.

Kuvua juu ya chombo kama hicho kuna adabu zake. Nanga ikifungwa ubavuni katika mkondo, chombo hupinduka. Lazima kamba yake ihamishiwe kwenye omo au tezi. Samaki mkubwa humvuta mvuvi na chombo chake kama gari, na mshipi ukizunguka mguu ni hatari, kwa hiyo kisu huwekwa mahali mkono unapofika. Mvuvi wa ngalawa aliyepata kukokotwa na papa hahitaji kuelezwa haya.

Utaratibu wa mashindano yao ndio uliobadilika sana. Zamani, katika mashindano ya maboti makubwa, samaki aliuawa, akatundikwa akapimwa uzito, na mshindi akapigwa picha kando yake. Katika mashindano mengi ya kayaki samaki hulazwa juu ya ubao wenye vipimo, akapigwa picha pamoja na alama ya siri ambayo washindani hupewa siku ile ile ili asije mtu na samaki wa jana, kisha akarudishwa majini. Kinachohesabiwa ni jumla ya urefu wa samaki wachache walio bora. Picha yenye shaka hukataliwa. Jaketi la kuelea ni sharti, na asiyelivaa huondolewa. Hata kwetu Watamu, wavuvi wa michezo huwatia alama nduwaro na kuwaachilia, ili wataalamu wajue safari zao baharini.

Faida ya utaratibu huu ni wazi: samaki hubaki baharini, na maskini anaweza kushindana na tajiri kwa kuwa hakuna mashini ya kushindana nayo. Lakini tukiwatazama mashindano hayo na yale ya Greenland, tunaona pengo. Shindano la uvuvi hupima samaki, halimpimi mvuvi. Mtu anaweza kutwaa kikombe naye hajui kumwokoa mwenzake aliye mita 20 kutoka kwake. Jaketi amevaa kwa amri, lakini elimu hakuulizwa.

HALALI, KAMARI NA HURUMA

Kwa msomaji Mwislamu kuna maswali mawili ambayo hayawezi kurukwa.

La kwanza ni la zawadi. Katika mashindano mengi ya ng'ambo kila mshindani hutoa kiingilio, fedha zikakusanywa, na mshindi akachukua fungu kubwa. Wanazuoni wa sheria wamelizungumza jambo la zawadi za mashindano kwa marefu na mapana, wakatofautisha baina ya zawadi inayotolewa na mtu wa kando asiyeshindana, na fedha zinazotoka mifukoni mwa washindani wenyewe ili mmoja apate na wengine wapoteze. Hii ya pili ndiyo inayokaribia kamari. Fatwa ni ya mashekhe wetu wala si ya gazeti. Lakini mwenye kupanga mashindano mwambao huu afadhali awaulize kabla ya kuchapisha matangazo, kuliko kulaumiwa baada ya watu kukusanyika.

La pili ni la samaki. Chakula cha baharini tumehalalishiwa, na hakuna ubishi. Lakini kumnasa kiumbe kwa ndoana, kumtoa, kumpiga picha na kumrudisha akiwa na jeraha, kwa ajili ya kikombe tu, ni jambo jingine, kwani dini imekataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya mchezo. Watetezi wa mchezo huu watasema kwamba kumrudisha ni bora kuliko kumwua, na kwa hesabu ya idadi wana hoja. Hata hivyo mvuvi wetu wa Kipini au Shimoni ataona ajabu mtu mwenye shibe kumchoma samaki asiyemtaka. Labda mashindano yetu yangefuata njia ya kati: samaki wachache, wa kimo kinachoruhusiwa, wapimwe, kisha waliwe au wapewe wenye haja.

UPANDE WETU

Mtu anaweza kuuliza kwa haki: mvuvi wa Lamu au Kwale ana shida za nyavu, za barafu ya kuhifadhia na za kufukuzwa katika maji yake, kayaki ya mtalii itamsaidia nini? Kwa kweli haitampa riziki, na mwenye kuahidi hivyo anadanganya. Ngalawa inachukua samaki na watu zaidi, na inakwenda kwa tanga.

Lakini swali letu halikuwa la riziki. Lilikuwa la elimu ya bahari, inatoka wapi kwenda wapi. Mashindano hatukosi. Wakati wa Maulidi ya Lamu, na katika tamasha za utamaduni, kuna mbio za vyombo vya tanga, kuna kuogelea, kuna mbio za punda, na umati hujaa gatini. Ni mambo mazuri, na manahodha wetu hawahitaji kufunzwa na mtu namna ya kukata upepo. Tatizo ni kwamba shindano la tanga humpa sifa yule aliyekwisha kujua. Halimlazimishi kijana kukaa chini ya mzee akajifunza lile asilolijua, na wala halimwulizi atafanya nini chombo kikipinduka.

Na suala hilo si la mchezo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka Mtongwe, karibu na nchi kavu, wakafa watu zaidi ya 270. Sababu za ajali ile zilikuwa nyingi na lawama zake hazikuwa za abiria. Lakini ni nani atakayekana kwamba katika miji yetu ya pwani, ambayo imezungukwa na maji pande zote, wako watu wazima wengi, na hasa wanawake, ambao hawakupata kufunzwa kuogelea hata hatua kumi?

Basi yako mambo yanayoweza kufanywa bila ya kungoja fedha nyingi. Vikundi vya BMU, ambavyo vimo karibu katika kila bandari ya wavuvi, vinaweza kuongeza katika mashindano ya ngalawa na mitumbwi sehemu moja ya kujiokoa: chombo kipinduliwe makusudi, kikamuliwe, kipandwe tena, na mwenye kukawia apunguziwe alama. Waamuzi wawe wazee wa bahari, na kila mshindani chini ya miaka 18 aje na mzee aliyemfunza, ili zawadi waipate wote wawili. Hoteli inayokodisha kayaki ingeweza kuwaajiri vijana wa mtaa waliopasi mtihani huo wawe waongozaji, kwa kuwa wanajua mlango upi una mkondo na saa ipi umande hugeuka. Wasichana nao watengewe wakati wao na walimu wa kike, kwa stara inayowafaa. Huko Greenland wanawake, ambao zamani kazi yao ilikuwa kushona chombo wala si kukiendesha, leo wanashindana katika mashindano ya taifa, na hakuna aliyesema kwamba kayaki imeharibika kwa sababu hiyo.

Ama mtepe, haitarajiwi kwamba utarudi kubeba boriti. Lakini wale waliozishona mbao walikuwa na elimu ya kamba, ya mti, ya maji na ya upepo, na sehemu kubwa ya elimu hiyo bado imo katika vichwa vya mafundi na wavuvi wazee walio hai hivi leo. Vijana wa Nuuk waliwawahi wazee wao wakiwa wamebaki wachache sana. Wa kwetu bado ni wengi kuliko hao. Kila msimu wa kaskazi unaopita bila ya kuwaendea, idadi yao hupungua.